Raba Nne Mbele ya Neti

"Leo tutaanza na miguu, mwalimu," Ndambuki aliniambia, na hasira yangu ikaanzia hapo hapo, kabla hata sijatoa raketi kwenye mfuko.

Mwalimu. Ni kweli nafundisha hesabu shule ya wasichana, na nusu ya mji wa Machakos huniita hivyo, lakini si yeye. Kwa miezi minne alikuwa akiniita Mwongeli, na tukiwa peke yetu akiniita Mwongeli wakwa, yaani wangu, kwa sauti ya chini ambayo nilikuwa nikienda nayo nyumbani na kulala nayo. Sasa alikuwa amesimama upande wa pili wa neti na ndoo yake ya mipira, macho ameyaelekeza kwenye raba zangu, ananiita kama anavyowaita wake za wanachama wanaokuja kupunguza mwili.

Nilimuuliza kama yuko sawa. Akasema yuko sawa. Nikamuuliza kwa nini Jumamosi aliacha ujumbe kwa bawabu kwamba uwanja una maji, wakati hatujaona tone la mvua tangu Mei. Akasema uwanja ulikuwa ukitengenezwa. Alisema hivyo akiendelea kuchagua mipira kwenye ndoo, anaibonyeza mmoja mmoja na kutenga iliyolegea, kazi ambayo ingeweza kungoja hata mwezi mzima. Mimi namjua. Ndambuki akiwa na jambo zito huitafutia mikono yake shughuli.

Niseme wazi yeye alikuwa nani pale, maana ugomvi wote ulitoka huko. Alikuwa maka wa klabu, yule mtu anayeajiriwa kutunza viwanja vya tenisi, kucheza na mwanachama aliyekosa mwenzake na kuwafundisha wasiojua. Alitoka Mwala akaja kuosha vyombo jikoni, akajifunza tenisi kwa kuangalia kupitia dirisha la jikoni, na kufikia mwaka huo wa tisini na nane hapakuwa na mwanachama aliyeweza kumnyang'anya hata geimu tatu. Lakini sheria ya klabu ilisema maka haketi verandani, hanywi chai kwenye vikombe vya wanachama, na hachezi kwenye mashindano yao. Aliyekuwa akizilinda sheria hizo ni kapteni wa tenisi, mzee wa kanisa, bwana shamba mstaafu anayeitwa Munyao. Huyo Munyao ndiye baba yangu.

Na ni baba huyo huyo aliyetukutanisha. Alikuwa amenipanga kucheza dabo, wawili kwa wawili, na Rodgers, wakili kijana, mtoto wa rafiki yake Mzee Nzioka, katika mashindano ya mwisho wa Agosti. Rodgers si mtu mbaya. Ana adabu, ana meno mazuri, na akiwa uwanjani anapiga mipira yake na yangu kama vile mimi ni mti uliosahauliwa kukatwa. Voli zangu, kusema ukweli, zilikuwa aibu. Mpira ukinijia hewani karibu na neti nilikuwa naivuta raketi nyuma hadi ipite bega, naupiga kwa nguvu zangu zote, na unaenda kuwatafuta watu barabarani. Baba akaona haya, akamwambia Ndambuki anirekebishe kabla sijawaaibisha watu wawili, yeye na Rodgers.

Ndambuki alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kabla ya somo aliufagia uwanja wote kwa ufagio mrefu hadi murram ile nyekundu ikawa haina hata alama ya ndege. Kisha ananirushia mipira kumi, tunasimama, ananiita tuangalie nyayo. Hapa uliruka umechelewa, ananiambia, ona kisigino kimeingia. Hapa ulikwenda kando badala ya kwenda mbele. Hapa mguu wa kushoto ulibaki nyuma ndio maana mkono ukatafuta nguvu. Alisema mkono unaweza kumdanganya lakini miguu ikishapita imeacha ushahidi. Tuliinama juu ya alama hizo vichwa vikikaribiana, wiki baada ya wiki, na ikiwa kuna mtu anataka kujua mapenzi yetu yalianza wapi, yalianza hapo, tukitazama chini. Somo likiisha alifagia tena, kwa sababu baba hupenda kuukuta uwanja safi asubuhi.

Alhamisi iliyopita hakufagia. Sikujali wala sikukumbuka. Nilikuwa na mambo mengine ya kukumbuka kuhusu Alhamisi hiyo.

Basi tulianza na miguu. Alinirushia mpira wa kwanza kabla sijawa tayari, nikaupiga kwenye neti. Wa pili nikaupeleka kwenye ua wa michongoma. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba nimesimama kwa nyayo nzima, kwamba ninapaswa kuruka kidogo tu, miguu miwili itue pamoja, wakati ule ule mpinzani anapougusa mpira, kisha ndiyo nichague upande. Haya yote nilikuwa nayajua. Mwezi wa Mei alinifundisha jambo hilo akipiga makofi na kucheka, akisema ninaamsha miguu kabla mgeni hajabisha mlango. Sasa alilisema bila kucheka na bila makofi.

"Mpira ukija upande wa kulia," akaendelea, "mguu wa kushoto ndio unaenda mbele kuukuta. Raketi haiendi nyuma ya bega."

"Ndambuki, niangalie."

"Mwalimu, tuko na nusu saa."

"Niangalie."

Hakuniangalia. Akarusha mpira mwingine. Niliuacha unipite, ukagonga uzio wa nyuma, na wote wawili tukausikiliza ukidunda hadi ukatulia. Akarusha mwingine, nao nikauacha. Ndoo ilikuwa na mipira kama arobaini na mimi nilikuwa tayari kuiacha yote inipite, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu wa tatu aliushika mkononi akabaki ameushika.

Agosti ya kwetu ni baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka vilima vya Iveti hadi kwenye miti ya nyuma ya klabu, na hapakuwa na mtu mwingine uwanjani. Nilikwenda hadi kwenye neti nikasimama. Nilimwambia sitapiga hata mpira mmoja mpaka aniambie nimemkosea nini. Kama amechoka na mimi aseme amechoka. Kama amepata msichana huko Mwala aseme jina lake. Nilisema mambo mengine pia, mabaya zaidi, ambayo siyaandiki hapa kwa sababu hayakuwa kweli na niliyajua si kweli wakati nikiyasema.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema kwamba sijamkosea kitu.

"Ijumaa asubuhi mzee alikuja mapema," akasema. "Saa moja. Mimi nilikuwa stoo. Akaniita. Nikamkuta amesimama hapo ulipo, anaangalia chini."

Niliangalia chini mimi pia, kama mjinga, ingawa uwanja ulikuwa umefagiwa na hapakuwa na kitu ila raba zangu mwenyewe.

Alihadithia bila kupumzika, labda aliogopa akisimama hatamaliza. Zilikuwepo alama za raba mbili kubwa na raba mbili ndogo mbele ya neti, upande mmoja wa neti, vidole vikitazamana. Ndogo zilikuwa zimesimama kwa ncha. Baba alikuwa amejifunza kusoma nyayo kutoka kwa Ndambuki mwenyewe, mwaka uliopita, alipokuwa akitengenezewa sevu yake, ule mpigo wa kuanzisha. Hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza swali moja tu, kwamba hii ni voli gani.

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini, Mwongeli? Nilinyamaza."

Angalau jina langu lilikuwa limerudi. Nikamuuliza kisha ikawaje. Akasema baba hakupiga kelele. Alimwambia kwamba yeye, Ndambuki, ni kijana mwenye kipaji na si vizuri kipaji kioze Machakos. Kuna klabu kubwa Mombasa inatafuta maka, na yeye baba anamjua mwenyekiti wake. Barua ya kumpendekeza ingeandikwa. Alichotakiwa kufanya ni kumaliza kunifundisha hadi siku ya mashindano, kwa adabu, kisha aende.

"Na wewe ukasema nini?"

Aliubonyeza ule mpira mkononi.

"Nimekuuliza."

"Nilisema asante, mzee."

Asante, mzee. Nilikuwa nimekaa nyumbani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nikijiuliza kama nilivaa vibaya, kama nilicheka vibaya, na huku mwanaume niliyesimama kwa ncha za vidole ili nimfikie alikuwa ameshashukuru kwa kupelekwa Mombasa. Nilimuuliza kama hilo tu ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Hapo akageuza uso, na nikajua halijaisha.

"Kuna ile ya kina Rodgers," akasema.

"Ya kina Rodgers gani?"

"Mbuzi wa ntheo. Si wanaleta Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mashindano yakiisha." Akaniona uso, na sauti yake ikapungua. "Nilidhani unajua."

Sikuwa najua. Kwetu Ukambani mbuzi watatu wa ntheo ndio mlango wa ndoa. Wakishapokewa kwa baba yako, umeshakuwa mke wa watu, na mwanaume mwingine hana tena ruhusa ya kubisha. Mzee Nzioka alikuwa amekubaliana na baba. Mama yangu lazima alijua, kwa sababu mbuzi hawapokewi bila sufuria. Rodgers alijua, na sasa nilielewa kwa nini wiki iliyopita aliniuliza kama napenda kuishi Mavoko. Maka wa klabu alijua. Katika mji mzima aliyebaki bila kuambiwa ni yule atakayeolewa.

"Ulijua tangu Ijumaa," nikamwambia.

"Mzee aliniambia ili nielewe."

"Na ukaelewa."

"Mwongeli, mimi ni nani hapa? Mimi nafungua geti. Nabeba maji. Rodgers ni wakili. Nikisema kitu, kesho bawabu anaambiwa asinifungulie, na wewe unaambiwa uende kwa shangazi yako Matuu ukae huko mpaka harusi. Niliona heri upate hizi wiki mbili. Heri angalau nikuone."

"Na zile alama? Mlizifanyia nini?"

"Alama zipi?"

"Zetu. Za Alhamisi."

"Mzee aliniambia nifagie."

"Na?"

"Nikafagia. Alisimama hapo mpaka nikamaliza."

"Ulifagia."

"Ningefanya nini?"

Sijui niieleze vipi hasira ile. Nilikuwa nimevumilia Mombasa, nilikuwa nimevumilia hata mbuzi, lakini kumwona kichwani mwangu ameinama na ufagio, anarudi nyuma hatua kwa hatua, anatufuta mimi na yeye huku baba amefunga mikono nyuma anamsimamia, hilo sikuweza. Nilirudi nyuma kwenye nafasi yangu, nikaokota raketi, nikamwambia arushe mpira. Akaniambia tuache kwa leo. Nikamwambia arushe.

Akarusha taratibu, kwa huruma, na huruma yake ikazidi kuniudhi. Nilimrudishia kwa sauti kwamba hiyo ni mipira ya watoto, apige kwa raketi kama anavyompigia Rodgers. Basi akapiga. Nilivuta mkono nyuma nikaukosa kabisa. Akapiga mwingine, nao nikaukosa. Kwa tabia ya kazi yake hakuweza kujizuia, akaniambia kwamba hasira iko mkononi, niishushe kwenye miguu, mkono hauna kazi yoyote ila kushika. Nilitamani kumtupia raketi. Badala yake, bila kufikiri, mpira uliofuata ulipotoka kwake miguu yangu ilikuwa imeshatua. Mguu wa kushoto ukaenda mbele wenyewe, mshazari, kuelekea mpira na si kando yake. Raketi ilikuwa mbele ya uso wangu tayari, kichwa chake juu, nami nikaikaza tu na kusukuma kidogo. Haikuwa hata nusu ya nguvu zangu. Mpira ukavuka neti umenyooka ukampiga Ndambuki kifuani, chini kidogo ya koo, kishindo kikasikika hadi verandani.

Ilikuwa voli nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Alirudi nyuma hatua mbili, akashika kifua, na kitu cha kwanza kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa, "Hiyo ndiyo."

Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo machozi yalinitoka kwa hasira na nikamwambia kwamba yeye ananifundisha kila siku niukute mpira mbele, nisiungoje unifikie, na mwenyewe yuko nyuma kabisa ya uwanja anangoja kuambiwa pa kwenda. Nilimwambia sitaki mwalimu, mwalimu ni mimi. Nilitaka mtu wa kusimama na mimi mbele ya baba yangu, mara moja tu, hata kama angeshindwa.

Hapo ndipo tuliposikia kikohozi cha baba.

Alikuwa ameingia kwa geti dogo la upande wangu, amevaa sweta yake nyeupe ya tenisi yenye mstari wa bluu shingoni, raketi kwapani. Sijui alikuwa amesimama muda gani. Aliangalia mipira iliyotapakaa, akaangalia kifua cha Ndambuki, kisha akaniuliza kwa upole kama somo linaendelea vizuri.

"Baba," nikasema, "mbuzi wa kina Nzioka wanakuja lini?"

Hakushtuka. Baba alikuwa bwana shamba miaka thelathini, amezoea kuwapa watu habari za ukame. Alisema hayo si maneno ya kuzungumziwa uwanjani mbele ya mfanyakazi. Nikamjibu kwamba mfanyakazi aliambiwa siku tatu kabla yangu, kwa hiyo naomba niambiwe sasa mbele yake ili tuwe sawa. Akasema alikuwa na nia ya kuniambia baada ya mashindano. Hakutaka nivurugike akili wakati nina mchezo.

"Ulitaka nishinde kikombe kwanza," nikamwambia.

"Nilitaka ufurahi kwanza. Kuna ubaya?" Sauti yake ilianza kupanda. "Wewe uko na miaka ishirini na sita. Rodgers ni kijana ametulia, familia tunaijua, kanisa moja. Umeona nini kibaya kwa Rodgers?"

"Sijaona kibaya. Sijaona kitu."

"Na kwa huyu umeona nini? Huyu akikuoa mtakula nini, mipira?"

Ndambuki alikuwa amesimama na ndoo yake. Baba hakumtazama hata alipomtaja. Alizungumza nami tu, kwa Kikamba sasa, akinikumbusha karo ya chuo, akinikumbusha mama anavyopiga magoti kuniombea, akisema kwamba hakunisomesha ili niwe mke wa mtu anayepita kwa mlango wa jikoni. Kila neno lilimfikia Ndambuki na kila neno lilikuwa limekusudiwa limfikie. Nilisubiri afungue mdomo. Nilimwangalia waziwazi, sikujificha. Nilimwangalia mkono ulioshika ndoo, ule mkono mkavu wenye sugu, mkono ambao Alhamisi ulinishika uso kwa uangalifu mkubwa, na nikasubiri.

"Ndambuki," nikasema mwishowe, "uko na neno la kumwambia mzee?"

Aliangalia mipira. Aliangalia neti. Nilihesabu moyoni hadi ishirini, mimi mwalimu wa hesabu, nikampa na tano za ziada.

"Haya," nikasema, nikaokota mfuko wangu.

Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa nyuma niliposikia ndoo ikiwekwa chini. Niligeuka. Ndambuki alikuwa akija. Hakuzunguka neti kama anavyotuambia sote tufanye. Aliiruka, akatua kwa miguu miwili, akaja moja kwa moja hadi mbele ya baba, akasimama karibu kuliko maka anavyosimama na kapteni.

"Mzee, ile barua ya Mombasa sitaichukua."

Baba alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Niliposema asante Ijumaa, niliogopa. Nisamehe kwa kukudanganya. Jumamosi hii, si ile ya kina Nzioka, hii inakuja, nitaleta mjomba wangu na wazee wawili kutoka Mwala. Tutakuja nyumbani kwako na mbuzi watatu."

"Mbuzi wa nani?"

"Wangu, mzee. Niko na tisa kwa mama."

"Na nikiwafukuza?"

"Tutarudi Jumamosi ingine."

"Na hiyo pia nikiwafukuza?"

"Mwala si mbali, mzee."

Hakulisema kwa ujeuri. Alilisema kama mtu anayeulizwa umbali wa barabara. Nilimwona baba mara mbili akitafuta mahali pa kushika na kukosa. Alikuwa na hasira iliyomfanya aonekane mzee, na kwa dakika moja nilimhurumia. Kisha akanyoosha mkono wazi.

"Funguo."

Ndambuki alizitoa kiunoni. Ya stoo, ya geti, ya chumba chake kidogo cha nyuma ya jikoni alichoishi miaka saba. Alizitenganisha na kamba ya mkanda wake bila haraka, akaziweka kwenye kiganja cha baba kwa mikono miwili, kwa heshima. Baba akamwambia vitu vyake viwe vimeondoka kabla giza halijaingia. Kwangu akasema tutaonana nyumbani, na mama yangu ataniona pia. Akaondoka kwa geti kubwa na sweta yake nyeupe, mgongo umenyooka, na hakugeuka.

Tulibaki wawili. Ndambuki alishusha pumzi ndefu sana, kisha akanigeukia akitabasamu. Mtu amepoteza kazi, nyumba na Mombasa kwa dakika tano, na anatabasamu. Alikuja na mikono imefunguka kidogo. Nadhani alifikiri kwamba nitamkimbilia.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

Mikono ikashuka.

"Umemwambia baba kuhusu mjomba. Umemwambia kuhusu wazee, na mbuzi, na barabara ya Mwala. Sasa niambie, mimi umeniuliza lini?"

"Mwongeli, si uliniambia niseme neno."

"Neno moja. Wewe umesema siku, umesema mbuzi ni wangapi. Baba amenipangia Jumamosi yake na wewe umenipangia yako. Kila mtu ananichagulia Jumamosi. Hata huyo Rodgers aliniuliza kuhusu Mavoko."

Alisimama akanitazama, na safari hii hakutafuta kitu cha kushika. Kifuani, pale mpira ulipompiga, shati lilikuwa na duara jekundu la vumbi. Nilimpenda sana wakati huo hadi nikaona aibu, na hilo halikuipunguza hasira hata kidogo. Vilikuwa vitu viwili tofauti na vyote vilikuwa vyangu.

"Sina kazi tena," akasema polepole. "Leo nalala kwa rafiki yangu. Kesho sijui. Mwongeli, nikuje?"

Niliweka mfuko wangu begani. Nilichukua muda wangu wote.

"Jumamosi wazee wakiniita waniulize kama nawajua hawa wageni, nitasema nawajua," nikamwambia. "Wakiniuliza kama mbuzi wapokewe, nitasema wapokewe, mbele ya baba na mbele ya Nzioka akitaka kuja. Lakini ulinyamaza siku tatu, Ndambuki. Na ulifagia. Kwa hiyo kuanzia sasa mpaka hiyo Jumamosi sitaki uniongeleshe hata neno moja, kwa sababu nikisikia sauti yako naweza kubadilisha nia."

Alifungua mdomo kunijibu, akakumbuka, akaufunga.